Udongo wa Bomba la Tatu

Basotu, 14 Aprili 2024

Kaka Onesphory,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya muda wote huu. Barua yako ya Januari niliipata Februari, na tangu hapo nimeanza kukujibu mara tatu. Karatasi ya kwanza Tadei aliichora ng'ombe mwenye miguu sita. Ya pili mama mkwe aliifungia chumvi. Hii naandikia stoo, nimekalia gunia la maharage, mlango nimeufunga kwa ndani na Tadei anaugonga kwa kijiko.

Sisi tupo. Tadei ametimiza miaka mitatu na anauliza "kwa nini" mpaka kuku wanamkwepa. Xavery yuko shambani, palizi imetuzidi. Mama mkwe mguu unamsumbua, mdomo hauna shida. Mama yetu nilimwona Pasaka nilipopanda Endagikot. Anasema barua zako kwake ni fupi kama risiti.

Unaniuliza kwa nini sipendi tuongee kwa simu. Kaka, simu yangu ilitumbukia kwenye sufuria ya uji mwaka jana, na ya mama mkwe inapokelewa kwa spika. Unakumbuka ulipopiga Januari ukauliza, "Zita, mabomba yangu manne yapo salama?" Sebuleni walikuwepo wageni sita wa jumuiya. Mama mkwe akajibu kwa sauti, "Mabomba yako yapo stoo, baba, hakuna aliyeyagusa." Kesho yake mabomba yalishageuka mabomu mdomoni mwa watu, mwenyekiti wa kitongoji akaja na watu wawili kuyaangalia. Nilimwonyesha vipande vinne vya bomba la chuma vimeshindiliwa udongo. Akauliza, "Sasa udongo unafichwa wa nini?" Nikamwambia hata mimi hukuniambia. Uliniambia tu, "Usifungue."

Basi ujue, Gerald wa timu yenu alikuja na gari tarehe 19 Machi, akasema kibali cha kuyasafirisha kimetoka. Yote manne yameondoka. Nilimhesabia.

Nina maswali. Gerald amesema mnatafuta umri wa ule mchanga. Mchanga unasemaje umri wake? Ng'ombe ana meno, mti ukikatwa una duara ndani, mchanga una nini? Na hayo mabomba manne, ni sawa yote, au kuna moja lenye kazi kuliko mengine? Na udongo wa zamani namna ile, unaweza kuwa na sumu? Nauliza tu, huku kuna watoto.

Tadei ameacha kugonga. Hiyo siyo dalili nzuri, naenda kuangalia.

Mdogo wako,
Zita


Ujerumani, 2 Juni 2024

Mdogo wangu Zita,

Marahaba. Barua yako imenichekesha mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaja kuniuliza kama nimepata matokeo. Msalimie Xavery, na mama mkwe mwambie nimejifunza, sasa nitasema "paipu". Mimi sijambo. Hapa ni kiangazi chao, jua linakaa mpaka saa nne usiku, ila mimi silioni. Nafanya kazi kwenye chumba cheusi chenye taa nyekundu hafifu.

Na hilo ndilo jibu la swali lako, ambalo nilipaswa kukujibu nilipokuachia yale mabomba.

Chukua chembe moja ya mchanga. Ndani ina nyufa ndogo zisizoonekana kwa jicho. Udongo unaoizunguka una mionzi kidogo, ya kawaida tu, isiyodhuru mtu. Na juu yetu, mbali kuliko jua, zinakuja chembe nyingine ndogo kuliko atomu. Zinapita kwenye paa, zinapita mwilini mwako ukisonga ugali, zinapita kwenye mwamba. Mionzi hiyo na chembe hizo zikigonga mchanga, zinang'oa elektroni, vijichembe vya umeme vilivyomo ndani yake, na baadhi zinanasa kwenye zile nyufa. Mchanga ukiwa umefunikwa gizani, zinaendelea kujaa, mwaka kwa mwaka. Ukiona jua, hata kwa dakika chache, zote zinaachiwa na hesabu inaanza upya. Kwa hiyo mimi naumulika mchanga hapa gizani, zile elektroni zinapoachiwa mchanga unatoa mwanga mdogo sana, na kiasi cha mwanga kinaniambia umekaa miaka mingapi bila kuona jua.

Mabomba si sawa yote. Unakumbuka tulipochimba pale kwenye pango la mwamba juu ya shamba lenu, ukuta wa shimo ulikuwa na matabaka kama mkeka wa rangi nne. Kila tabaka nilipigilia bomba lake. La tatu ndilo lenye zile shanga za ganda la yai la mbuni. Shanga zenyewe zimeshikana na chokaa, vipimo vyake havieleweki, kwa hiyo umri wake tutaupata kwa mchanga uliolala nazo. Muda wangu wa masomo unaisha Machi. Bila bomba la tatu sina cha kuandika. Kwa hiyo unaona, ulinitunzia kitu kikubwa.

Jambo moja. Mdomo wa bomba la tatu nimekuta umefungwa kwa plasta ya kidonda, ile ya rangi ya mwili. Mimi nilifunga kwa nailoni nyeusi na utepe. Unajua ni nani? Usihofu, ncha zote mbili huwa tunazikwangua na kuzitupa, tunatumia katikati tu.

Sumu hakuna. Ila msiache watoto wale udongo wa pangoni, una kinyesi cha popo.

Kaka yako,
Onesphory


Basotu, 28 Julai 2024

Kaka Onesphory,

Shikamoo. Barua yako imefika katikati ya mavuno, nimeisoma kidogo kidogo kama mtu anayekula pilipili. Mahindi mwaka huu si haba. Xavery amepungua mwili kwa kazi. Mimi miguu inavimba jioni, ni kusimama. Mama mkwe amepata dawa ya mguu, sasa anazunguka kijiji kizima na kurudi na habari.

Nimeelewa zile elektroni. Nimeelewa kwa njia ya zizi. Ng'ombe wanaingia mmoja mmoja, hujui ni saa ngapi kila mmoja kaingia, lakini ukiwahesabu wote na unajua kila siku huwa wanaingia wangapi, unajua zizi limefungwa siku ngapi. Jua likija ni mtu kafungua mlango. Wote nje. Nimemweleza Tadei hivyo, akauliza, "Nani anawarudisha?" Hilo ndilo swali langu pia. Wakishatoka, hakuna namna ya kuwarudisha? Mchanga ule ule ukirudishwa gizani haraka, haukumbuki?

Na hizo chembe zinazotoka juu, zinapita pia kwa mtoto? Nasema kwa mtoto yeyote, hata ambaye bado. Zinamfanya nini?

Mama mkwe nilimwonyesha picha ya shanga uliyotuma. Aliigeuza, akaisogeza karibu na dirisha, akasema, "Huyu aliyezitoboa alikuwa na kucha ndefu na hakuwa na haraka." Nikamwambia wenzako wanasema ni za miaka elfu nyingi. Akasema, "Hata kama. Tundu limetobolewa kutoka pande mbili, angalia. Ukitoboa upande mmoja ganda linapasuka. Mwambie shemeji wa bomba kwamba bibi mmoja alimfundisha msichana hilo." Anakuita hivyo sasa, shemeji wa bomba, ingawa si shemeji yake.

Kuhusu plasta. Huku panya ni wengi mno, stoo nzima wamekula pembe za magunia. Nailoni ya bomba lile ilitobolewa, nikaziba kwa plasta niliyopewa kliniki ya Tadei.

Kinyesi cha popo kinamfanya nini mtu akikila kidogo? Nijibu hilo kwanza kabla ya mengine.

Zita


Ujerumani, 1 Septemba 2024

Mdogo wangu Zita,

Marahaba. Natumaini mavuno yameisha na miguu imepumzika.

Mama mkwe wako amefundisha chumba kizima. Nilipeleka zile shanga chini ya hadubini, na kweli, matundu yote yametobolewa kutoka pande mbili na kukutana katikati. Profesa amesema andiko likitoka, Bernadina wa Basotu atatajwa. Mwambie aandae jina lake la ukoo.

Sasa nikuambie kilichotokea. Nitakieleza chote, na sababu zake.

Bomba la kwanza limenipa umri. La pili pia, kubwa zaidi, na la nne kubwa kuliko yote, kama inavyotakiwa. Bomba la tatu limenipa sifuri. Nimerudia mara saba. Si ncha tu, mpaka katikati. Zizi lako lile, Zita, halina hata ndama. Unyevu nao haumo, umekauka kama unga, wakati majirani zake wote wana maji.

Nikaumwaga mchanga chini ya lenzi. Nikakuta kipande cha pumba ya mahindi. Mahindi hayajatimiza hata miaka mia sita Afrika.

Halafu akaja Benedikta. Huyu ni dada wa Karatu, yuko ghorofa ya chini, kazi yake ni kutafuta kwenye udongo mabaki ya viumbe waliopita hapo, maana damu na mkojo na ngozi vinaacha alama ya uzao, ile DNA, inayodumu miaka mingi. Kwenye mabomba mengine alipata swala na fisi. Kwenye la tatu alipata mtu. Tulifurahi kwa saa moja. Kisha akasema ni mtu wa juzi, ni mwanamke, na ni mate. Sisi wote tunaogusa udongo tumeandikisha alama zetu hapa, ili tukiuchafua tujulikane. Akalinganisha. Akanipigia simu ya ndani.

"Onesphory, una dada wa baba mmoja mama mmoja?"

"Ninaye."

"Anapenda udongo?"

Nilirudisha simu mahali pake. Nilikaa kwenye ngazi.

Zita, sikuulizi kwa nini mtu anakula udongo. Nilikuwa na miaka sita mama alipokuwa na mimba yako. Ukutani nyuma ya mlango, pale Endagikot, palikuwa na shimo linaloingia kikombe. Baba alikuwa analiziba kila Jumamosi na mama analifungua kila Jumatatu. Kwa hiyo sikuulizi. Lile swali lako la mtoto ambaye bado nalijibu: chembe zinazotoka juu zinapita kwa kila mtu tangu tumboni, zimepita kwangu na kwako na kwa aliyetoboa zile shanga, na hapa tulipo tumezaliwa. Na la popo: kuna maambukizi na minyoo, mtu akila kidogo huenda asipate kitu, lakini aende hospitali aseme ukweli. Aseme kila kitu. Nenda kesho.

Kuhusu mchanga, elektroni zikishatoka hazirudi. Mchanga haukumbuki. Profesa nimemwambia bomba lilipata hitilafu njiani. Sijamwambia zaidi. Timu haiwezi kurudi huko kabla ya Machi.

Usijali sana.

Onesphory


Basotu, 20 Oktoba 2024

Kaka yangu Onesphory,

Shikamoo. Nimechelewa tena, na safari hii sisingizii karatasi. Barua yako nilikuwa nayo kwenye kanga nilipoingia hospitali ya Haydom. Nimejifungua tarehe 27 Septemba, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Anaitwa Gaudensia. Ana nywele nyingi na anakunja uso kama wewe ukisoma. Amelala mkono wangu wa kushoto sasa hivi, ndiyo maana mstari unapanda.

Tadei anasema tumrudishe tuletewe wa kiume. Xavery anafua nguo za mtoto mwenyewe, uani, watu wanamwona na haoni aibu. Mama yetu ameshuka kutoka Endagikot na yeye na mama mkwe wanagombea nani amwogeshe. Mimi nalala vipande vipande. Nikiandika neno mara mbili ujue ni usingizi.

Sasa nikuambie, na mimi nitaeleza chote na sababu zake.

Mwaka juzi, kile nilichokuandikia kwamba niliumwa, sikuumwa. Nilikuwa na mimba ya miezi saba ikaharibika. Wakati ule mama mkwe alishatangaza tangu mwezi wa tatu, watu walishaniletea nguo. Baada ya pale unajua kwetu inavyokuwa, nyumba iliyopoteza mimba inaogopwa kama yenye mkosi. Miezi kadhaa watu walipita njia ya juu ili wasipite mbele ya mlango wetu, moto hatukuombwa, hata maji nilichota peke yangu baada ya wenzangu kuondoka. Waumini wenzetu pia, ingawa kanisani wanasema hayo yameisha. Siwalaumu, na mimi nilishawahi kupita njia ya juu kwa sababu ya mtu mwingine.

Kwa hiyo safari hii sikumwambia mtu isipokuwa Xavery. Januari udongo ukanishika. Unasema unamjua mama, lakini hujui hamu hiyo ilivyo. Ni kama mvua inyeshe karibu na wewe halafu usiruhusiwe kutoka. Mnadani udongo wa kula anauza Monica, na ukinunua kwa Monica umetangaza kwenye spika kubwa kuliko ya mama mkwe. Ukutani sikuweza, nyumba hii ni ya tofali la saruji. Siku hiyo nimeingia stoo kuchukua mahindi, panya kweli alikuwa ametoboa nailoni ya bomba la tatu. Panya si uongo. Ikatoka harufu. Nilichukua kidogo kwa ncha ya kidole, nikalamba. Kesho yake tena. Ulikuwa na ladha ya moshi, kaka, kama sufuria ya zamani. Wiki tatu nilikula, labda kikombe kimoja.

Lakini hicho sicho kilichouua udongo wako. Nataka ulijue hili vizuri. Baada ya wiki tatu nikaona haya. Nikasema, huyu kaniachia kitu, nimekipunguza, angalau nikitunze. Nikagusa udongo ule nikakuta una unyevu. Nikakumbuka maharage yaliyooza mwaka ule tulipoyaweka mabichi. Basi nikaumwaga wote kwenye ungo, nikauanika juani siku mbili, nikaugeuza kwa mkono, nikapeta vumbi, nikatoa vijiwe. Nikaurudisha bombani msafi, mkavu, nikashindilia kwa mchi, nikafunga kwa plasta. Nililala nikijua nimelipa nilichochukua.

Barua yako ya Juni ilipofika nilipofikia pale pa jua, nilikaa chini palepale uani. Mama mkwe akauliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, ni elektroni.

Nimekukosea. Nimesema, na sitasema mara ya pili, kwa sababu na wewe una lako. Uliniambia "usifungue" kama unavyomwambia Tadei. Nilimaliza kidato cha nne, kaka, fizikia nilipata D lakini mtihani wake niliufanya. Ungeniambia siku ile ile kwamba mchanga ukiona jua unasahau, ningekaa na hamu yangu mpaka nitafune kuta za saruji, na nisingeanika hata punje. Mnakuja na magari, mnachimba, mnachuja, mnafunga kwa utepe, mnasema msiguse. Hatujui tunachunga nini. Mtu asiyejua anachunga nini anakichunga kwa njia yake, na njia yangu ni jua na ungo.

Hospitali nilisema kila kitu, kama ulivyoniambia. Nesi hakucheka. Alinipima, akanipa dawa za minyoo baada ya kujifungua, na za damu, akasema mtoto hana shida. Kwa zaidi ya miezi miwili nilikuwa namwota popo. Alivyotoka akalia ndipo nilipoweza kusema na wewe. Ndiyo sababu ya kuchelewa, hakuna nyingine.

Sasa tuongee kazi. Usimwambie profesa hitilafu ya njiani. Mwambie ukweli, jina langu litaje, kwa kuwa kosa lenye jina linaweza kurekebishwa na mwenye jina lake. Bomba la tatu jipya litatoka hapa na nitalitoa mimi. Gerald amekuja kumwona mtoto, ameniambia kibali bado kiko hai mpaka mwisho wa Desemba. Tumepanda naye mpaka kwenye mwamba jana, taratibu, mama mkwe akiwa na fimbo yake mbele. Magunia ya mchanga mliyoyapanga kuzuia ukuta wa shimo yapo. Tumevuta mawili. Ukuta haujabomoka, matabaka manne yanaonekana, na tundu la bomba lako la tatu lipo, kama jino lililong'olewa. Nimemwonyesha Gerald umbali wa mkono mmoja kulia kwake, tabaka hilo hilo, halijaguswa. Tukarudisha magunia.

Mama mkwe alikataa kwanza. Akasema, "Mlichukua mkaharibu, sasa mnataka tena." Nikamwambia aliyeharibu ni mimi. Akaniuliza nimeharibuje. Nikamwambia yote, mbele ya mama yetu, na Monica, na kikombe cha chai. Akaweka kikombe chini, akasema, "Mimi nilikula kichuguu cha pale darajani, nusu yake, na kwa mimba hiyo nikamtoa Xavery." Akaruhusu. Sharti lake nimeliandika kule chini kwenye orodha.

Nimeshafanya mazoezi kwa kipande cha bomba la maji, kwenye ukingo wa korongo, saa sita mchana. Xavery anapigilia, mimi niko chini ya blanketi tatu, na ncha naifunga kwa kupapasa bila kutazama. Nimevuta pumzi ya vumbi lakini nimeweza. Nilipotoka Xavery akasema nanuka kama pango. Mazoezi ya pili nimefunga kwa hesabu ya ishirini.

Vuli zinakaribia, na zikishika, maji yanashuka kwenye ule mwamba moja kwa moja hadi shimoni. Kwa hiyo barua hii Gerald anaipiga picha leo akutumie, nimemwambia asiisome, na ameshaniuliza "Nesi kweli hakucheka?" kwa hiyo ameisoma. Jibu kwa Gerald ndani ya siku nne. Siku ya arobaini ya mtoto inaangukia mwanzo wa Novemba, kabla ya hapo mama wawili hawa hawaniruhusu kupanda tena, na mimi mwenyewe sitaki.

Jambo moja la mwisho kuhusu Gaudensia. Umewahi kunieleza kwamba kila kilicho kwenye mfupa wa mtoto kimetoka kwa mama, na cha mama kimetoka alichokula. Basi ule udongo wenu haukupotea wote. Kikombe kimoja kimesahau miaka yake na kinanyonya hapa.

Ninavyohitaji bado, Gerald aje navyo:

Mabomba mawili ya chuma kama yale, si moja, na vifuniko vyake vya kukaza. Plasta sitaki kuiona.

Nailoni nyeusi nzito, mita nne, na utepe mpana.

Tochi ya taa nyekundu, na betri zake, maana tochi ya Xavery ina taa nyeupe na hapendi kuazima.

Kopo la kuwekea udongo wa kupima unyevu, lenye kuzibika.

Nyundo nzito. Yetu mpini umelegea na nitakuwa na kichwa changu chini yake.

Kitambaa cha kufunga pua, kwa ajili ya popo. Vitatu.

Dawa ya mguu ya mama mkwe, ile ya kupaka.

Udongo wote uliobaki kwenye bomba la tatu la kwanza, ukishamaliza nao. Hilo ndilo sharti la mama mkwe. Anasema haukuzaliwa Ulaya, urudi shimoni kwake. Usiogope, nimeacha kula.

Karatasi ya Benedikta inayosema mimi na wewe ni wa baba mmoja mama mmoja. Najua tunajua. Nataka iwekwe pamoja na vyeti vya ubatizo.

Namba ya miaka ya zile shanga, siku utakayoipata. Niandikie mimi siku hiyo hiyo, kwa mkono, hata kama ni mstari mmoja.

Na sababu. Kwa kila utakachoniambia nifanye au nisifanye, niandikie na sababu yake pembeni.

Mdogo wako,
Zita